Ufuo Nilioandika Kuwa Mtupu

Niliondoka Tanga kwa sababu ya makala. Nilikuwa nimeandika katika jarida moja kuhusu kazi ya jeshi kwa raia wakati wa vita vikubwa: nani awaondoe watu njiani, nani alinde visima, nani azungumze na wenyeji kabla magari hayajafika. Makala ilikuwa ndefu, na maelezo ya chini ya kurasa yalikuwa marefu zaidi. Meja mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akitayarisha mazoezi ya kijeshi kusini mwa Unguja, aliisoma, au alisoma kichwa chake, akaniita niende nikazungumze na wanakijiji. Msomi akisifiwa kwa barua hahitaji kubembelezwa. Nilifunga mzigo siku ileile.

Asubuhi niliposhuka bandarini, Meja alinipeleka katika nyumba moja nyuma ya Forodhani, akatandaza ramani. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kambini.

"Gari natoka maji, napanda hapa, karibu na Kizimkazi. Siku ya nne. Wewe uliza watu: pwani iko na kitu ama hapana?"

Saa nne nilipanda gari la abiria. Tulipita Jang'ombe, kisha mashamba, kisha mashamba yakaisha tukabaki na mawe na vichaka mpaka kijijini.

Alasiri sheha, yaani mkuu wa kijiji, Mzee Haji, alinikaribisha barazani kwake. Baada ya sala wanaume walikusanyika, nami nikawaeleza habari ya magari, kisha nikauliza kama pwani ile ina kitu.

"Ngalawa zetu ziko upande wa pili," alisema Mzee Haji. "Huku matope tu."

"Matope na mambo ya wanawake," aliongeza mwingine, wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Kisha nikaandika: Ufuo ni mtupu.

Siku ya pili asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, nilikwenda kuukagua utupu wangu. Nilipanda juu ya rundo la mawe nipate kuona mbali.

"We bwana mwenye viatu! Shuka! Umesimama juu ya harusi ya mwanangu!"

Aliyepiga kelele alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kaifunga kiunoni, matope mpaka magotini. Jina lake Bi Mwanakheri. Chini ya mawe yale alikuwa amezika makumbi ya nazi tangu miezi mingi, yalainike, ayaponde, asokote kamba. Na kamba hizo ndizo zingempatia bintiye kitanda na kanga za harusi. Nilitazama vizuri. Ufuo mzima ulikuwa marundo ya mawe, na kila rundo lina mwenyewe.

"Jana niliuliza, Bi, nikaambiwa hapana kitu."

"Ulimuuliza nani?"

"Wanaume, barazani."

"Ala! Na wao wameshazika kumbi gani?" Wanawake wenzake waliokuwa matopeni karibu naye walicheka hata wakashikana. "Umesoma wapi weye?"

Nilimtajia chuo kikuu.

"Na huko hawana wanawake?"

Sikucheka. Miaka ya nyuma, wakati wa vita, nilikuwa karani wa jeshi katika nchi kavu ya kaskazini, kazi yangu kueleza watu wako wapi. Bonde moja niliandika kuwa halina watu, kwa kuwa siku niliyopita sikuwaona. Magari yakapita. Wafugaji waliporudi na mifugo yao walikuta kisima kimefukiwa. Bonde hilo nimelitaja katika makala yangu, kama mfano wa kazi iliyofanywa vizuri.

Adhuhuri nilikuwa tena mjini mbele ya Meja, nikimwomba magari yasipande ufuo ule.

"Vita ya kweli hapana ngoja makumbi," alisema.

"Katika vita vya kweli, Meja, hao ndio watakaokuonyesha maji ya kunywa. Au watakaonyamaza."

Aliivuta ramani. Akachora njia moja nyembamba. "Hapa tu. Zaidi hapana."

Njia hiyo ilipita juu ya makumbi ya Bi Mwanakheri.

Siku ya tatu nilimwambia. Akawaita wenzake. Tulifukua, tukabeba, tukazika upya pembeni. Mimi nami niliinama. Makumbi yaliyooza yananuka kuliko yai viza, na haikupita nusu saa usomi wote ukanitoka. Mashimo mawili hatukuyawahi, maji yalijaa.

Siku ya nne magari yalipanda, yakayasaga yale mawili. Meja alifurahi, akanitaka niandike kuwa raia hawakuwa na malalamiko. Niliandika mashimo mawili, na jina la mwenyewe.

Nilipokwenda kuaga, Bi Mwanakheri aliniuliza, "Vita vyenyewe vikija, tutapewa siku ya kuhamisha?"

"Sidhani, Bi."

"Basi mwambie bwana wako aje aulize sasa. Mie nipo."

Katika gari la kurudi mjini abiria waliniachia kiti kizima kwa harufu. Nilikaa peke yangu nikifikiri kwamba jeshi likingoja vita vianze ndipo liulize ardhi ni ya nani, litajibiwa na walio karibu na baraza. Wenye mali watakuwa mbali, wameinama matopeni, wakiwahi maji hayajajaa.