Shavu Ukutani: Mama Kuvu na Suti ya Harusi

Saa tatu asubuhi, mwanamke wa makamo amesimama chumbani kwa watu, viatu kavua, shavu kalibandika ukutani kama anayesikiliza ugomvi wa jirani. Kafumba macho. Anavuta pumzi kwa pua, taratibu, anasogea hatua moja, analibandika tena.

"Hapa," anasema. "Nyuma ya kabati. Nisaidieni tulisogeze."

Wenye nyumba, mume na mke waliostaafu, wanalivuta. Mgongo wa kabati umeota kuvu ya kijani na nyeusi, kutoka chini hadi usawa wa kiuno. Mzee anarudi nyuma.

"Mwanangu, umeonaje na kabati zima liko mbele yako?"

"Sijaona, mzee. Nimenusa."

Mtaani wanamwita Mama Kuvu. Kazi yake ni kutafuta inakotoka kuvu inayokula nguo, viatu na makabati ya watu, kisha kuiondoa. Wakati wa mvua huitwa nyumba nne au tano kwa wiki. Kiangazi kikikaza hapati hata moja, hurudi kufua mashuka ya watu.

"Mwanzoni jina hilo lilinikera," anasema. "Unaitwa Mama Kuvu sokoni, watu wanakukalia mbali! Sasa ukiniita jina la kuzaliwa sigeuki."

Alikuwa dobi miaka kumi na tisa. Huko ndiko alikogundua jambo ambalo wenzake hawakulijali: wateja wale wale walirudi kila mvua zikianza, na nguo zile zile, madoa yale yale.

"Nikajiuliza, naiua kuvu au naiogesha tu? Siku moja nikamfuata mteja hadi kwake. Dirisha limepigiliwa misumari, nguo mbichi zinaning'inia juu ya kitanda. Nikasema, aa, kumbe nguo haina kosa."

Safari hii kilichomleta ni suti ya sufu, ya kijivu. Mzee alioa akiwa ameivaa, miaka arobaini na minne iliyopita, na aliyeishona ni bibi harusi mwenyewe, fundi cherehani. Ndiyo suti ya kwanza kutoka mikononi mwake. Jumamosi mjukuu wao anaolewa, na mzee ameapa kumsindikiza ndani ya suti hiyo. Leo ni Jumanne. Kola ina madoa meupe kama unga, na mabega yananuka kama gunia la viazi vilivyosahaulika.

"Ni jasho lake," anasema bibi.

"Jasho la harusi, mpaka leo? Ni masufuria yako, mvuke mchana kutwa."

"Basi Jumamosi vaa sufuria."

Mama Kuvu hawaamui. Anatoa mkobani kipande cha nailoni, anakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne. "Kisiguswe hadi kesho. Tutajua maji yanatoka wapi."

Jumatano nailoni imejaa matone upande wa chumbani. Anaibandua. Upande uliolalia ukuta ni mkavu kabisa.

"Ukuta ungekuwa na maji, yangekuwa huku nyuma. Haya yametoka chumbani. Ni pumzi zenu, na nguo mbichi mnazoanika humu ndani kwenye kamba."

Mzee anakaa kitandani. Anachukua tone moja kwa ncha ya kidole, analitazama muda mrefu. "Yaani tunalala huku tunamwagilia kabati?"

"Kila siku. Na dirisha mmelifunga. Hewa yenye maji inatafuta mahali pa baridi ikatue, na nyuma ya kabati pana baridi, hapana upepo. Kuvu inataka nini tena?"

Dawa yake haina siri. Kabati likae upana wa kiganja kutoka ukutani. Madirisha na milango ya kabati ifunguliwe kila asubuhi isiyo na mvua. Nguo zikauke nje, na zisirudi kabatini zikiwa na ubichi wowote. Mbao zifutwe kwa siki, kisha ziachwe zikauke. Na anayependa mapafu yake asichanganye siki na klorini.

Lakini jambo moja linamsumbua. Nguo nyingine kabatini zina harufu tu. Suti, ambayo ndiyo peke yake iliyofungwa kwenye mfuko, imeharibika kuliko zote.

"Mama, hii huwa unaihifadhije?"

Bibi anajinyoosha. Hapo ndipo penye ujuzi wake. Kila mwaka, siku ya harusi yao, huitoa na kuipiga pasi kwa kitambaa kibichi juu yake, kama sufu inavyotaka. Zamani aliifunika kwa shuka. Miaka minne iliyopita mkwe wake alimletea mfuko wa nailoni wenye zipu, na tangu hapo huifunga papo hapo, isikunjamane.

"Nionyeshe."

Bibi anachukua koti jingine. Pasi inapita begani bila kusita, mvuke unapanda, kitambaa kinalala kama kimeagizwa. Koti linaingia mfukoni likiwa moto, zipu inapanda hadi juu. Wanakunywa chai. Vikombe havijaisha, mfuko umeshatanda mvuke kwa ndani kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha matone yanajikusanya, yanateleza moja moja kuelekea kwenye kola.

Bibi anaweka kikombe chini.

"Ni mimi," bibi anasema mwishowe. "Miaka minne naifungia na maji yake. Na nilivyojisifu kwamba haipati vumbi!"

Mzee anasogeza kiti karibu naye. "Kumbe hata kuvu yangu imeshonwa na fundi." Anapigwa kwa kitambaa cha pasi, lakini bibi anafuta macho kwa kitambaa hicho hicho.

"Mama, mimi niliwahi kusafisha koti la bwana harusi kwa klorini," anasema Mama Kuvu. "Kuvu ilikufa, koti nalo likafa. Nililipa mshahara wa miezi miwili. Hii haitaiona klorini."

Anavaa barakoa, anaipeleka suti uani, anaipiga brashi laini huku upepo ukimpiga mgongoni. Anajaribu spiriti kidogo ndani ya pindo, anaona rangi haitoki, ndipo anapofuta madoa. Kisha inatundikwa penye upepo. Alhamisi anainusa: "Bado." Ijumaa anaingiza uso wote ndani ya koti, anakaa humo mpaka mzee anaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Imetoka."

Kimebaki kivuli chini ya kola, na bibi ameshaanza kuifumua ili abadilishe bitana. Mzee anajaribu suruali. Kifungo hakifiki.

"Kitambi si kuvu, mzee. Hicho sikitibu."

Mama Kuvu ana mpango. Wateja wake wengi wanakaa vyumba vya juu visivyo na uwanja, hawana pa kuanika. Ameona ghala tupu lenye madirisha mawili yanayotazamana, na akiba yake imefika nusu ya kodi ya miezi sita. Anataka kulifanya chumba cha kukaushia nguo za mtaa mzima. "Nimeweka shavu kuta zote nne. Kavu."

"Utahitaji mpiga pasi," anasema bibi, pini mdomoni.

"Utaiweza kazi, mama?"

"Pasi naiweza. Kusubiri ndiko sijajifunza." Anaipiga kola pasi ya mwisho, anatundika koti kwenye msumari wa dirishani, anavuta kiti na kukaa mbele yake. "Haya. Hadi lipoe ni muda gani?"

Mama Kuvu anavuta kiti cha pili.