Kutoka Msimbazi Hadi Ndani ya Kichwa cha Bibi

Safari hii ilianzia Mtaa wa Msimbazi, ikafika Upanga, kisha ikaingia ndani ya kichwa cha bibi yangu. Mliokwisha kupanda milima msinicheke kabla sijamaliza.

Sababu ya kuondoka ilikuwa ukope. Bibi, mshonaji wa magauni Kariakoo, aliumwa kichwa wiki nzima, kisha ukope wake mmoja ukalala, hauinuki. Daktari akahisi mshipa wa damu ubongoni umevimba, akaagiza picha haraka. Bibi akakataa kwenda. Mama akambembeleza, wajomba wakapiga simu, yeye akajibu kwamba ana magauni ya harusi ya kumaliza. Basi nikatumia cheo changu. Kwa utani wa kwetu pwani mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, hata kama yuko kidato cha tatu na ndevu bado ziko njiani.

“Mke wangu, vaa baibui. Tunaenda.”

“Mume gani anafuliwa soksi?”

“Huyu huyu. Panda bajaji.”

Asubuhi, Kariakoo. Bajaji ilijipenyeza kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba. Tulipokaribia kituo cha Faya, Bibi akamgusa dereva begani. “Baba, geuza. Nimeacha pasi ya moto.”

“Twende tu, kaka,” nikasema. Pasi yenyewe ni ya mkaa, na mkaa niliumwagia maji kabla hatujatoka. Namjua mke wangu.

Upanga, hospitalini. Muuguzi aliitikia shikamoo yangu, akauliza mimi ni nani wa mgonjwa.

“Mume.”

Akaitazama kaptura yangu ya shule. “Basi mume akae hapa mlangoni.”

Bibi aliambiwa avue kila chenye chuma. Akavua bangili, hereni, hata kipini cha pua, vyote akanikabidhi. Akaingia. Hazikupita dakika, mtaalamu wa picha akatoka mbio.

“Kijana, bibi yako ana misumari kichwani?”

Nikajua. Bibi akishona huchomeka pini kwenye mafundo ya nywele, kisha husahau kama ziko. Mtaalamu akamweleza kwamba chuma hutawanya miali myeupe kwenye picha, na kompyuta ikikutana nayo hupoteza njia ya mshipa.

“Uliniambia chuma,” Bibi akalalamika. “Hizi si pini tu?”

Zikatoka pini za kutosha gauni zima. Ndipo akadungwa dawa ya kung'arisha mishipa, na picha ikapigwa upya.

Adhuhuri, chumba cha daktari. Kompyuta ilikuwa imevipanga vipande vya picha, vyembamba kuliko slesi za mkate, ikavijenga kuwa kichwa kizima. Daktari akabonyeza, fuvu likaondoka. Ikabaki mishipa peke yake, imepindana kuliko vichochoro vya Kariakoo. Akaizungusha taratibu. Kwenye njia panda moja kilining'inia kitu kama zambarau changa.

“Kompyuta imekipima upana na shingo yake,” alisema. “Lakini sikuiachia peke yake, nimekagua kipande kwa kipande. Kivimbe kipo. Kikipasuka, damu itamwagika ubongoni.”

Akamgeukia Bibi.

“Hatupasui kichwa, mama. Tunapitisha mrija mwembamba kutoka pajani mpaka hapa, tunakijaza waya laini, damu isiingie tena.”

Bibi akasogea karibu na kioo. “Na njia mnaijua, au mtaulizia mbele kwa mbele?”

“Tunaijua. Ndiyo hii unayoiona. Ila tusicheleweshe.”

“Nimekusikia. Ngoja nikafikiri.”

Kurudi. Kwenye bajaji nikamwambia sitaki kuwa mgane kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Hakucheka. Nikamshika mkono mpaka Msimbazi, na nikaapa kimoyomoyo kwamba akikataa, nitalala juu ya cherehani asishone.

Nilichojifunza njiani ni hiki: kompyuta inaweza kukuonyesha njia yote mpaka ndani ya ubongo, lakini haimnyanyui mtu kwenye kiti chake. Hiyo ni kazi ya watu wa nyumbani.

Jioni, barazani. Bibi alikuwa anapinda gauni la bibi harusi. Akachomoa pini, mkono ukapanda wenyewe kuelekea kwenye nywele. Ukaishia hewani. Akaishusha pini, akaichomeka kwenye sponji.

“Mume wangu,” akasema bila kuinua macho, “mpigie daktari. Mwambie kesho asubuhi nipo mlangoni kwake, na nywele nitakuwa nimezifumua.”