Kengele ya Fahali wa Babu

Mimi na makumbusho hatupatani. Nikisimama mbele ya chungu cha zamani dakika mbili, miguu inaniwasha. Ile mahakama ya kale pale Migori wameikarabati kweli, wamepiga rangi, wamebadilisha mabati, na pale hakimu alipokuwa akiketi sasa kuna makabati ya vioo. Peke yangu ningezunguka mara moja nikatoka zangu. Lakini nilikuwa na mama, na mama alikuwa amesimama mbele ya kabati moja, hasogei.

Ndani mlikuwa na kengele ya ng'ombe, ya chuma, imebonyea ubavuni. Nikamsomea kibandiko: kielelezo cha kesi ya wizi wa mifugo, mwenyewe hajulikani.

"Hajulikani na nani?" akauliza.

Ilikuwa ya babu, baba yake baba. Fahali wake aliibwa Ntimaru akapatikana ng'ambo ya mpaka, na babu alishinda kesi kwa sababu ya kengele hiyo, maana aliibonyeza mwenyewe kwa nyundo ili mlio wake uwe tofauti. Fahali akarudi, kengele ikabaki kortini. Mama ndiyo kwanza alikuwa ameolewa, na aliisikia kila jioni ng'ombe wakirudi. Wengine wote walioiona shingoni mwa fahali wameshakufa.

Nikamwita msimamizi, dada mmoja mwenye daftari, nikamweleza yote. Akafurahi, kwani wiki hiyo walikuwa wakichapisha vibandiko vya kudumu. "Nyanya, nitajie tu jina la mwenyewe niandike."

Mama akanitazama mimi. Kwetu Wakuria, mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa amezikwa zamani.

Nikadakia mimi, nikalitaja. Dada akatikisa kichwa. "Pole, kaka. Wewe hukuiona. Tunaandika neno la aliyeona. Juzi familia mbili zimegombania kigoda kimoja hapa."

"Mama hawezi kulisema."

"Basi itabidi ibaki hivyo hivyo."

Damu ikanichemka. Nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Nikamwambia mama twende, wabaki na chuma chao, na nilisema kwa sauti hadi askari akachungulia. Nilimkasirikia dada, na kusema kweli nilimkasirikia mama pia. Mzee wa watu yuko kaburini miaka yote hiyo, neno moja litamdhuru nini?

Mama aliweka kiganja juu ya kioo. "Mtoto wangu wa kwanza alipokufa," akasema, "watu walinong'ona juu yangu. Mwenye kengele hii alikuja akakaa nje ya nyumba yangu siku nzima, ili wasipite wakisema. Leo aandikwe hajulikani?"

Jina la babu ndilo nililorithi mimi. Kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina. Nikiwa mtoto, nikiwa na wake na watoto, hata nilipolazwa Homa Bay na madaktari wakamwambia aniite labda nitazinduka, aliniita "baba" tu. Nilishazoea.

Akageuka akanikazia macho. Akaniita jina langu, lote, polepole, dada apate kuliandika.

Nina miaka hamsini na minne. Niliitika, "Naam, mama."