Giza la Sura ya Kwanza

Katika duka lake la kuchapa maandishi, wateja walimwita Padri, na mkewe alicheka kila alipolisikia jina hilo. Padri gani mwenye mke na binti? Seminari aliiacha kitambo, kwa ajili ya mwanamke huyo huyo anayemcheka. Alichotoka nacho ni wanafalsafa wa Kikristo wa zama za kati, wazee waliokufa kale, ambao aliwapenda kama wajomba zake. Na alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimpa maneno achape, lazima ayanyooshe. Hata barua ya posa aliwahi kuitia hoja.

Binti yake alikuwa haoni tangu kuzaliwa. Utotoni Padri alimbembeleza kwa mambo ya wale wazee: Muumba aliyeviwaza vitu vyote kabla ya kuviumba, ulimwengu uliotoka pasipo na kitu. Sasa binti ni mtu mzima, anatunga riwaya yenye majoka na milima inayotembea. Yeye anasema, baba anachapa. Sura ya kwanza inaeleza jinsi ulimwengu huo ulivyoumbwa, na Padri aliposikia wazee wake wamo, moyo ukawa kwatu.

Jumapili mchana mama akashika karatasi za sura hiyo, akawasomea. "Giza halikuumbwa. Giza ni upungufu wa nuru tu."

Binti akaweka kikombe chini. "Hilo sikulisema. Nilisema Muumba alianza na giza, akalifinyanga kwa mikono yake."

Padri akajikuna shingo. "Nilirekebisha kidogo, mwanangu. Wale wazee wanasema giza si kitu, ni kukosekana kwa kitu. Hata upofu..." Akataka kulirudisha, lakini wapi, neno lilishatoka.

"Malizia, baba. Kwa hiyo miaka yote hii ukinitazama unaona kinachokosekana?"

Jamani, Padri alimpenda binti huyu kuliko vitabu vyote duniani, na sasa aliogopa kwamba hajawahi kumwambia hilo akaelewa. Mkewe hakumsaidia, na alifanya vizuri.

"Nikikutazama nakuona wewe," alisema mwishowe. "Mzima. Wale wazee hawakukujua."

Akawasha kompyuta, akaifuta sentensi yake. "Sema tena. Nitachapa unavyosema."

"Mwanzo Muumba alifanya giza, akakaa humo. Akaona ni pazuri."

Padri akachapa, macho ameyafumba. "Kisha?"

"Kisha akasikia mtu anapumua karibu yake, akajua hayuko peke yake."

Binti akanyoosha mkono, akalipapasa shavu la baba yake lililolowa, akaendelea kumsimulia.