Tetea wa Resiato

Wajerumani walipokwisha kujenga boma Arusha, Resiato, mke wa mkulima wa Sekei, alibadilisha mikungu miwili ya ndizi kwa jogoo na tetea. Aliyempa alikuwa Bi Mwanaidi, mke wa askari wa bomani.

"Ndege hawalali nyumbani mwangu," mama mkwe wake akasema, maana kwao kuku hawakufugwa.

Resiato akajenga banda la fito migombani. Tetea akataga mayai tisa, akaanza kuatamia. Lakini Resiato hakutulia. Kila asubuhi alimwinua atazame kama yameanguliwa. Siku ya kumi tetea akasusa, mayai yakapoa.

Akashuka bomani kwa Bi Mwanaidi amekasirika. "Shikamoo, bibi. Kuku uliyenipa ni mbovu."

"Ulikuwa unamgusa?"

"Kila siku."

"Basi kosa si la kuku, mwanangu. Mwache peke yake."

Alipanda mlima akijichukia. Tetea alipoatamia tena, Resiato alishinda akilima shamba la mbali ili asichungulie. Vifaranga sita wakatoka. Siku hiyohiyo mwewe akanyakua wawili. Resiato akakaa chini, akalia kwa uchungu. Mama mkwe akaja na tenga kuukuu, akawafunika waliobaki.