Kosa la Kazi Si Zambi

Asubuhi ile mtoto mmoja alipotoka garderi bila mtu kumwona, mimi nilikuwa kanisani nafagia. Nalisema hili kwanza kwa sababu kwa siku nyingi sikulisema.

Garderi yetu ilikuwa ya kanisa, hapa Uvira, chini ya barabara iendayo Kalundu, karibu na ziwa. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukilea watoto wadogo wakati mama zao wako sokoni, shambani au ofisini kwenye biro. Tangu ziwa lilipopanda na kuingia uani, ua wa matete upande wa chini ulikuwa umelala. Maji yalirudi, ua haukusimama tena. Tulimwambia direktrisi, mkuu wetu, mara nyingi, naye akajibu kwamba tuendelee kuomba, Mungu atatuma mfadhili.

Siku hiyo kanisa lilikuwa linangoja wageni kutoka Bukavu. Direktrisi aliingia darasani kwetu, tulikokuwa wanne, akatuchukua watatu twende kupanga viti na kusafisha. Nyuma alibaki mwenzetu mmoja na watoto thelathini na wanane. Alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa Bijombo kule juu milimani, mwenye kuongea kidogo. Ndiye aliyenifundisha kazi, hata namna ya kumbeba mtoto anayelia bila kumwambia anyamaze. Alipokuwa anamsafisha mmoja aliyeharisha, msichana wa miaka mitatu alipita penye matete yaliyolala, akaenda zake.

Walimkuta ufukoni kwa wanawake wanaoanika ndagala, ameketi mchangani, mkono umejaa samaki. Hakuwa na hata mkwaruzo. Mama yake alikuja kumchukua, akatutazama sote mmoja mmoja, na kutazama kule kuliniuma kuliko matusi.

Jumamosi tuliitwa, si kwenye biro ya garderi, bali katika chumba cha wazee wa kanisa. Pasta alifungua kwa maombi, akasoma habari za kondoo aliyepotea. Kisha akamwambia mwenzetu asimame kesho yake mbele ya waumini, atubu, halafu akae nyumbani mpaka wazee waone matunda ya toba yake. Hakupewa karatasi yoyote. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje. Pasta akauliza kama kuna mwenye neno. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, mume wangu shemasi, na pasta huyo ndiye aliyetufungisha ndoa na kumzika mama yangu. Nilinyamaza. Wawili niliofagia nao walinyamaza vilevile.

Jumapili alisimama. Alisema aliyoambiwa aseme, kwa sauti ndogo, na waumini wakaitikia amina. Wimbo uliofuata niliuimba.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua maharagwe, akanipa kiti, akaendelea na kazi yake. Nilimwomba msamaha, nikalia. Alingoja nimalize.

“Weye haukuniacha pale,” akasema. “Minye nilikosa kazi, nakubali. Mutoto angeweza kufa maji. Lakini banasema nilifanya zambi. Zambi gani? Kosa la kazi iko na njia yake, zambi nayo iko na njia yake. Juu ya nini banazichanganya?”

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye biro ya mkaguzi wa kazi, yule tunayemwita enspekteri. Nilidhani atanifukuza, kwamba mambo ya kanisa hayamhusu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama tuna mkataba. Nikamwambia tunao, una sahihi na muhuri wa kanisa.

“Mwenye kutia muhuri kwenye mkataba ni patro, ni mwajiri,” akasema, “hata akisimama kwenye mimbari.”

Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo kwa wengi. Kanisa lina haki ya kumhubiria muumini wake. Lakini mfanyakazi akikosa, kosa liandikwe, naye apate nafasi ya kujieleza kabla ya kuadhibiwa, na anaweza kuwa na mjumbe wa wafanyakazi pembeni. Akauliza mjumbe wetu ni nani. Nikasema hatuna, sisi tulikuwa tunajiita jamaa moja. Akauliza kama habari ya ua tuliiandika. Hatukuwa tumeandika hata mstari mmoja.

Mwalimu mmoja wa sendika, chama cha wafanyakazi, ambaye enspekteri alinielekeza kwake, alikuja kwangu mchana mmoja, wenzangu wakiwa wamekusanyika, akatueleza namna ya kumchagua delege, yaani mjumbe. Mabishano yalikuwa makali. Mdogo wetu kuliko wote alisema sendika ni ya watu wa serikali na wa viwanda, si ya watumishi wa Mungu. Mwingine aliogopa kwamba tutaonekana tunaishitaki nyumba ya Bwana. Mwisho wanane waliandika majina yao, wakanichagua mimi. Nilijua sababu: waliona mke wa shemasi si rahisi kufukuzwa. Mume wangu, nilipomweleza, aliniomba jambo moja tu, nisiende kwa hasira.

Tukaomba kikao kipya, safari hii kwenye biro ya garderi, mwenzetu naye akiwepo. Nilikuwa nimekariri maneno ya sheria. Nilipofungua mdomo, yakatoka mengine.

“Pasta, siku ile direktrisi alitutuma watatu tusafishe kanisa. Mama huyu alibaki peke yake na batoto makumi tatu na munane. Jumamosi ile nilikuwa nayajua haya, na sikusema.”

Direktrisi aliinamisha kichwa. Pasta alinitazama, bila ukali, kwa huzuni.

“Binti yangu, tangu lini kati yangu na weye panatakiwa sendika?”

“Kwa maombi hapatakiwi, pasta,” nikasema. “Kwa kazi panatakiwa.”

Mwenzetu aliitwa arudi kazini. Alipewa barua ya onyo, yenye kosa lake na pia hali aliyoachwa nayo. Aliisoma mara tatu, akaikunja vizuri. Alisema sasa inaeleweka. Ua ulijengwa baada ya barua yangu ya pili, na ikawa amri kwamba mwanamke asiachwe peke yake na darasa.

Lakini sikushinda yote, na sijui kama nilitaka kushinda. Direktrisi alikaa miezi bila kunisalimu. Kwenye kwaya hawakunitoa, ila waliacha kunipa kuongoza wimbo. Pasta ambaye zamani mwanangu akiugua alikuja bila kuitwa, sasa aliuliza kama nimeandika ombi la ruhusa. Ilikuwa haki, maana ndivyo tulivyotaka. Hata hivyo siku ya kwanza aliponiuliza vile, niliingia msalani nikakaa kidogo kabla ya kurudi kwa watoto.

Mwenzetu sasa anakaa Luberizi kwa binti yake, katikati ya mashamba ya mpunga. Nilipomtembelea nilimuuliza kama bado ana uchungu na kanisa. Akasema anasali kama kawaida, kanisa la pale ni dogo na lina watoto wengi. Pasta wao alimwomba awaangalie wakati wa ibada. Akakubali, ila kwanza alimuuliza walezi watakuwa mama wangapi.