Hatukuomba

Shangazi yangu hapendi kupimwa na mtu. Yeye ndiye hupima watu. Akikutazama mara moja toka begani hadi kisigino anakutajia kiuno chako na urefu wa mkono, na ukibisha anachukua futi yake, anakupima, anakuonyesha namba, kisha anakucheka mbele za watu. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Futi. Mumewe, anayeongea kana kwamba kila neno linatolewa chini ya godoro, wanamwita Taratibu.

Miaka kumi na moja iliyopita, kiwanda cha sare walichokuwa wakifanyia kazi, yeye akishona na mumewe akipiga pasi, kilifungwa. Mwezi uleule nyumba waliyopanga ikabomolewa kupisha barabara. Wakabaki na bunda la nguo na cherehani ya mkono, chuma kitupu, nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Majirani walimshauri aiuze apate nauli ya kuja kwetu. Akawauliza: akifika kwa kaka yake mikono mitupu, atakuwa amekuja kuishi au amekuja kulelewa? Wakaifunga kwa shuka katikati ya mti, mmoja akabeba mbele, mwingine nyuma, wakaja kwa miguu. Siku kumi na tisa.

Nilikuwepo walipofika. Bega la kushoto la shangazi lilikuwa na alama nyekundu, pana kama mkanda, na kabla hata ya kunywa maji aliuliza nani humu ndani ana nguo iliyochanika. Ndivyo walivyokuwa wamekula njiani. Kila walipopita anatua cherehani juu ya jiwe au ngazi ya mtu, anageuza kola, anatia kiraka, anapewa chakula, wanasonga mbele. Amesimulia safari hiyo mara nyingi kuliko siku zenyewe za safari, na kila mara humalizia kwa neno moja: hatukuomba. Alituambia sisi watoto wa kaka yake tulipovivia kazi. Aliwaambia ndugu wa mumewe walipomletea maringo. Nimelelewa na neno hilo, nimelichoka, na kusema kweli nalipenda.

Basi ikaja habari ya filamu. Mwongozaji, kijana mwenye kofia ambayo sijamwona akiivua, alimsikia shangazi kwenye kipindi cha redio kuhusu mafundi, akaona safari ile inafaa kuigizwa. Alikuja mara mbili kibandani, shangazi anaposhonea. Mara ya kwanza aliongea na shangazi. Mara ya pili shangazi alikuwa ameenda kununua uzi, akaongea na mumewe alasiri nzima. Wakapatana kwamba shangazi aone kwanza mazoezi, asomewe skripti, ndipo asaini karatasi ya ridhaa. Asiposaini, hakuna filamu. Nikaenda naye na mumewe niwe msomaji, kwa sababu macho yake, alisema, ni ya tundu la sindano, si ya kufukuzana na wadudu wa kwenye karatasi.

Mazoezi yalikuwa kwenye uwanja wa ghala la zamani. Mwigizaji wa kike, binti mrefu mwenye uso mzuri, alishika mti mbele. Mwenzake wa kiume nyuma. Na katikati inaning'inia cherehani ya mbao laini iliyopakwa rangi nyeusi. Walipiga hatua kama kumi. Shangazi akainua mkono, kazi ikasimama, na wala hakuna aliyekuwa amempa cheo hicho.

"Binti, hapo unakwenda wapi?"

"Ni pale mnapopanda kilima, mama."

"Kilima gani? Unatembea kama unapeleka keki."

Gari la watu wa filamu likatumwa kibandani kuleta cherehani yenyewe. Hatua ya tatu tu, bega la binti likashuka, mdomo ukafunguka, magoti yakaanza kutafutana. Shangazi akaniegemea kwa raha. Akasema hapo sasa huyo mtoto ameondoka nyumbani. Siku hiyo ilikuwa yake, na laiti ingeishia hapo.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki nikaanza kumsomea. Ukurasa baada ya ukurasa anatikisa kichwa, anarekebisha, anacheka. Tukafika siku ya tisa. Mwanamke amelala kwenye baraza ya duka lililofungwa, ana homa. Mume anakwenda kwenye nyumba ya jirani, anapiga magoti mlangoni, anaomba unga.

Shangazi akaichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja mara nne kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaiweka gotini mwa mwongozaji.

"Ukurasa huu utoke, au mimi nitoke."

Kijana alijaribu kusema habari za watazamaji, kwamba panahitajika mahali pa kuwagusa. Shangazi akamjibu kwamba wanaotaka kulia waende msibani. Akamweleza siku ya tisa ilivyokuwa, kwa sababu hata kijiji kizima kingesahau, yeye hasahau. Homa ilikuwepo, kweli. Baraza ilikuwepo. Lakini mumewe alichukua sindano akaenda kumshonea mama mmoja vifungo vya makoti ya watoto wake, akalipwa unga. Hata uzi ulikuwa wa huyo mama. Yeye mwenyewe aliunywa uji wa unga ule ndio ukamsimamisha. Leo mtu aje amvalishe mumewe joho la ombaomba mbele ya dunia nzima, na yeye asaini chini? Mori ulikuwa umempanda. Nami nilikuwa upande wake, nikimtazama yule kijana kwa jicho la kumchoma.

Ajabu ni kwamba kijana hakuwa akimtazama tena shangazi. Alikuwa akimtazama Taratibu.

Mzee akainuka kwenye kiti chake, polepole, kama afanyavyo kila kitu.

"Mke wangu, hakukuwa na vifungo."

Alieleza akiwa amesimama. Alikwenda na sindano, ni kweli. Nyumba ya kwanza walimtazama mikono inavyotetemeka wakamwambia hawana kazi. Ya pili vilevile. Nani ampe nguo yake mpiga pasi mwenye vumbi la siku tisa? Kwenye mlango wa tatu akaichomeka sindano ndani ya kola isionekane, akaomba. Yule mama alimpa unga kwenye kopo, akamwambia ainuke upesi, watoto wanaona. Habari ya vifungo aliitunga njiani akirudi.

"Kila ukisema hatukuomba, mimi hutazama chini," akasema. "Nimechoka kuwa shujaa wa vifungo. Huyu kijana aliniuliza, nikamwambia."

Mimi niliogopa. Nilimwonea huruma mzee, na papo hapo nikamkasirikia, maana neno tulilolelewa nalo alikuwa amelipasua mbele ya watu wa filamu. Shangazi hakumfokea. Alisugua kidole gumba kwenye kidole cha shahada, kama anayetafuta ncha ya uzi.

"Ulipiga magoti?"

"Nilipiga."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akamgeukia mwongozaji akamuuliza kama ana kalamu. Kijana, maskini, akamnyooshea karatasi ya ridhaa. Shangazi akaisukuma pembeni. Alimwambia aandike yeye, na aandike siku ya kumi, ambayo kwenye skripti haikuwepo na ambayo sisi hatujawahi kuisikia. Asubuhi hiyo, akiwa na nguvu ya ule uji, walipita kwenye lango la zahanati. Palikuwa na watu wameketi chini wakiomba. Yeye ndiye alikuwa mbele ya mti. Akasema, tena kwa makusudi: watu wazima, mikono mizima, hawaoni haya. Mumewe alikuwa nyuma yake, mti begani.

"Andika hivyohivyo," akasema. "Usinipunguzie neno."

Kijana aliandika mistari miwili akasita. Akasema kwa adabu kwamba watazamaji wanampenda huyu mama toka mwanzo, na maneno haya yatamfanya aonekane mbaya.

"Magoti yake yaonekane na watu wote, halafu ulimi wangu ufichwe? Filamu hiyo sisaini."

Kijana akaandika. Nikapewa, nikamsomea shangazi, akarekebisha neno moja, akasaini kwa herufi kubwa za kuvimba kama anazoandika kwenye risiti zake. Ukurasa uliokunjwa mara nne aliunyoosha kwa kiganja na kuurudisha mahali pake. Kisha akaenda alipokuwa yule binti mwigizaji, akamweka sawa mti begani.

"Useme kwa nguvu, wale wa chini wakusikie," akamwambia. "Na usigeuke nyuma kumtazama mumeo. Mimi sikugeuka."